Saratani ya umio

Saratani ya umio (pia: kansa ya umio, mitaani huitwa mara nyingi "kansa ya koo") ni saratani inayoanzia katika umio, yaani mrija wa misuli wenye urefu wa sentimita 25 hivi kwa mtu mzima, unaopitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Jina la mitaani linaweza kupotosha, kwa kuwa uvimbe mara nyingi huwa ndani ya kifua, nyuma ya koo la hewa, mahali usipoweza kuonekana kwa kufungua kinywa wala kushikwa kwa mkono.

Ugonjwa huu umeenea hasa katika kanda mbili za dunia. Moja inaanzia kaskazini mwa Iran, inapita Asia ya Kati na kufika kaskazini mwa China. Nyingine inafuata upande wa mashariki wa Afrika, kutoka Ethiopia kupitia Kenya, Uganda, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini. Katika magharibi mwa Kenya wamepatikana hata wagonjwa wenye umri chini ya miaka 30, jambo ambalo ni nadra sana kwingineko.

Aina na visababishi

Kuna aina mbili kuu. Ya kwanza hutokana na seli bapa zinazofunika ukuta wa ndani wa umio. Ndiyo iliyo nyingi duniani na karibu yote ya Afrika Mashariki. Ya pili hutokana na seli za tezi, hasa karibu na tumbo, na huhusiana na unene na kiungulia cha miaka mingi. Hiyo ndiyo inayoongoza Marekani na Uingereza.

Kwa aina ya seli bapa, tumbaku na pombe ni visababishi vilivyothibitishwa. Lakini katika Afrika Mashariki wako wagonjwa wengi wasiovuta wala kunywa, hivyo watafiti wametazama pia vinywaji vya moto. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka vinywaji vyenye joto linalozidi nyuzi 65 za Selsiasi katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. Kinachoshukiwa ni joto lenyewe, si chai wala kahawa. Vipimo vilivyofanywa mkoani Kilimanjaro vilionyesha kwamba watu huanza kunywa chai ikiwa na nyuzi 70 hivi. Moshi wa kuni jikoni na upungufu wa matunda na mboga katika chakula vinachunguzwa pia.

Dalili

Dalili kuu ni ugumu wa kumeza unaozidi polepole. Kwanza nyama au ugali hukwama kifuani na kuhitaji maji ya kusukumia. Baadaye hupita uji tu. Mwishowe hata mate hurudi. Mgonjwa hukonda haraka. Sauti inaweza kukwaruza, na kikohozi kinachokuja kila anapokunywa kinaweza kuonyesha kwamba tundu limetoboka kati ya umio na njia ya hewa.

Tatizo kubwa ni kwamba umio hutanuka kwa urahisi. Uvimbe unaweza kukua kwa muda mrefu kabla chakula hakijaanza kukwama, na kwa sababu hiyo wagonjwa wengi hufika hospitalini wakati upasuaji hauwezi tena kuondoa ugonjwa wote. Baadhi yao huwa wamekwisha kutumia dawa za vidonda vya tumbo kwa miezi kadhaa, ingawa kukwama kwa chakula si dalili ya kawaida ya vidonda hivyo.

Utambuzi

Kipimo cha uhakika ni endoskopia. Koo hutiwa ganzi, kisha mpira mwembamba wenye kamera hupitishwa kinywani. Daktari huona uvimbe na kukata vipande vidogo kadhaa vya kuchunguzwa kwa hadubini. Haidhuru kipimo kikiudhi. Kwa kawaida huchukua dakika chache tu. Saratani changa, ambayo ni vigumu kuonekana, hutafutwa kwa kunyunyizia umio maji ya iodini: seli zenye afya hugeuka kahawia, na sehemu yenye kasoro hubaki bila rangi.

Pasipo na endoskopia, mgonjwa humeza dawa nyeupe ya bariamu na kupigwa eksirei inayoonyesha mahali palipobana. Kipimo hicho hakitoi kinyama cha kuchunguza, kwa hiyo hakithibitishi saratani. Kuenea kwa ugonjwa hupimwa kwa CT skani.

Matibabu

Saratani ambayo haijapita tabaka la juu inaweza kuondolewa kwa vifaa vya endoskopia bila kupasua kifua. Ikiwa imeingia ndani zaidi lakini haijasambaa, umio hukatwa na tumbo huvutwa juu kuziba nafasi yake. Ni upasuaji mkubwa, na mara nyingi hutanguliwa na mionzi pamoja na tibakemikali ili kupunguza uvimbe.

Kwa waliochelewa, lengo ni kumrudishia mgonjwa uwezo wa kula. Bomba la wavu wa chuma, liitwalo stenti, huingizwa likiwa limekunjwa, kisha hutanuka lenyewe na kusukuma uvimbe pembeni. Hospitali ya Tenwek huko Bomet, Kenya, imeonyesha kwamba stenti inaweza kuwekwa kwa endoskopia bila mashine ya eksirei. Stenti haiponyi saratani, bali humwezesha mgonjwa kumeza tena. Hutakiwa kula akiwa ameketi, kutafuna sana na kunywa maji baada ya chakula, kwa sababu pande kubwa la nyama linaweza kuziba bomba.