Safari Yetu ya Ziwa la Chumvi, Katwe, Julai 2017

Katika kitabu hiki cha miaka kumi sisi viongozi tumepangiwa kuandika habari ya safari ya Katwe, kule Uganda. Hakuna jambo lililotugombanisha kama safari ile tangu tuanze kuweka akiba mwaka 2014. Na wengi waliojiunga baadaye hawajui kwamba shamba wanalolima lilianzia kwenye basi lile.

Kwanza tueleze kwa nini chumvi. Bibi zetu wa Ngara na Biharamulo walichoma nyasi na matete ya mabondeni, wakachuja majivu kwa maji, na yale maji ndiyo yalitiwa kwenye mboga. Yalikuwa na uchungu kidogo. Umunyu wenyewe hasa, yaani chumvi nyeupe, ulikuwa mali ya kununua kwa jembe au kwa mbuzi. Kusini kulikuwa na Uvinza, ambako watu walichemsha maji ya visima vya chumvi ndani ya vyungu. Wataalamu waliochimba pale mwaka 1967 waligundua kazi hiyo ina umri wa miaka kama 1,500. Kaskazini kulikuwa na Katwe, ambayo chumvi yake ilibebwa kichwani Toro, Ankole, Rwanda, na kushuka mpaka Karagwe. Sisi wenyewe tulipokuwa shule ya msingi, mwanzoni mwa miaka ya 1980, tulipanga foleni duka la kijiji tukapimiwa chumvi kwa kikombe. Kwa hiyo aliposema mwanachama mmoja, mama wa Kihaya aliyeolewa kwetu, kwamba amewahi kuliona ziwa ambalo chumvi inavunwa kama mpunga, kila mtu alitaka kwenda.

Ugomvi ulikuwa pesa. Kila mmoja alitakiwa kutoa shilingi 70,000, nje ya hisa zake. Mhazini alisema wazi, "Mama mwenyekiti, wanaume watasema tumekula ada za watoto kwa kutembea." Na kweli walisema! Wapo pia waliokumbuka majeshi ya Amin yalivyoingia Kagera Oktoba 1978, wakauliza Uganda tunakwenda kutafuta nini. Mwishowe kati ya thelathini tulikwenda ishirini na wanne, kwa Kosta ya kukodi, kila mtu na hati yake ya safari ya muda.

Tuliondoka saa kumi alfajiri tukavukia Rusumo. Pale darajani tulinyamaza wote bila kuambiana. Mwisho wa Aprili 1994 tulisimama upande wetu tukaona watu zaidi ya laki mbili wakivuka kutoka Rwanda kwa muda wa siku mbili tu. Baadaye walipozunguka majumbani kwetu, wengi waliomba chumvi kabla ya nguo. Basi tukapita Kayonza, Kagitumba, Ntungamo, Mbarara, tukalala Ishaka. Asubuhi tukavuka daraja la Katunguru, na kabla ya saa nne tulikuwa Katwe. Siku moja tu tulikaa pale.

Ziwa liko ndani ya shimo kubwa, mdomo wa volkano ya zamani, ukisimama ukingoni unaliona lote. Harufu yake ni ya yai viza. Hakuna mto unaotoka. Chemchemi zinaingiza maji ya chumvi, jua linakausha, chumvi inabaki. Kandokando wametengeneza majaruba, kuta zake ni udongo na miti, na wakati wa kiangazi chumvi inaganda juu ya maji kama utando wa maziwa. Wanaume wanaingia ndani maji ya kifuani, wanavunja mwamba wa chumvi kwa mitaimbo na kuupakia juu ya magogo mepesi yaliyofungwa pamoja.

Kijana aliyetutembeza alitueleza historia, naye yule mama wa Kihaya akawa mkalimani pale Kiswahili kilipomshinda. Kumbe ziwa hili lilipiganiwa sana. Kabalega, mfalme wa Bunyoro, alilishika kwa sababu mwenye chumvi alikuwa na bunduki na pembe. Stanley alipita hapo mwaka 1889. Mwaka 1891 Kapteni Lugard akajenga boma akaliita Fort George, akamnyang'anya Kabalega chumvi ile. Tuliona pia magofu ya kiwanda kikubwa kilichojengwa kwa msaada wa Wajerumani. Chumvi ilikula mabomba, kiwanda kikafa mapema, na watu wakarudi kwenye mitaimbo. Tulicheka, halafu tukaona si jambo la kucheka.

Lakini sisi tulikwenda zaidi kuwaona akina mama. Wamo majarubani toka asubuhi, miguu imepasuka, na maji yale yanachoma kila penye kidonda. Tulikaa na mama mmoja rika letu. Tulimuuliza jaruba lako unapata magunia mangapi. Akasema, "Dada, hili si langu. Nimevuna miaka ishirini jaruba la watu." Majaruba ni ya familia, yanarithiwa, na wenyewe wengine wako mjini wanasubiri fungu lao. Yule kijana akatuambia kuna mahali pengine huko Uganda, Kibiro, kwenye Ziwa Albert, ambako chumvi ni kazi ya wanawake watupu na kiwanja mama humwachia binti yake. Yule mama alisikia akainama kuendelea na kazi.

Tulinunua magunia tisa ya chumvi ya mawe. Wengine walitaka ya kula, lakini mwenzetu mmoja mhudumu wa afya alikataa katakata. Ile haina madini joto, na sheria yetu tangu miaka ya 1990 inataka chumvi ya kula iwe nayo, kwa ajili ya rovu. Kwa hiyo tukachukua ya ng'ombe, tukalipa ushuru mpakani, tukaiweka nyumba ya mwanachama juu ya sakafu tupu. Hilo lilikuwa kosa letu viongozi. Mvua za Novemba zilipoanza, chumvi ilivuta unyevu na magunia manne yakageuka maji. Kwenye mkutano wa Desemba tulisimama mbele yenu tukaomba msamaha, na tunarudia hapa kwa maandishi.

Sasa habari ya shamba. Usiku ule wa kurudi, ndani ya basi, mtu mmoja kiti cha nyuma aliuliza, "Na sisi je? Mahindi tunalima kwa nani?" Wakati huo tulikodi, na kila msimu mwenye shamba alipandisha bei. Mabishano yalianza Mbarara yakafika nayo Rusumo. Mwaka 2018 tulipiga kura tusigawane akiba, na mwaka 2019 tukanunua ekari mbili, hati ikaandikwa jina la kikundi. Hatutaki kuficha kwamba kura ile iliumiza. Mwenzetu mmoja alihitaji mgao wake kwa matibabu ya mume, nasi tulimkopesha nusu tu. Alijitoa. Wa pili alijitoa kwa hasira, akarudi mwaka 2021. Yule wa kwanza hajarudi hadi leo, ingawa tumekwenda kwake mara tatu.

Safari ijayo ni Uvinza, tukaone visima. Michango inapokelewa na mhazini kila Jumatano ya kikao, na safari hii hakuna kubeba magunia.