Maneno 40 kwa Mtoto Aliye Chini ya Bahari

Watu wa pwani bahari tunaijua kwa juu. Tuna majahazi, tuna manahodha, tuna kaskazi na kusi, tuna mashairi ya kuagana na msafiri hadi ya kumwaga. Nyambizi je? Neno tunalo, hadithi karibu hatuna. Moja tuliyo nayo imetukuta upande wa kupigwa. Tarehe 12 Februari 1944, meli ya Khedive Ismail, iliyokuwa imetoka Mombasa kwenda Colombo na mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani I-27 karibu na Maldivi. Ilizama kwa dakika chache. Wakafa watu 1,297. Siku hiyo hiyo manowari mbili za Kiingereza, Paladin na Petard, ziliiwinda I-27 mpaka zikaizamisha, na mtu mmoja tu kati ya waliokuwamo akatoka hai.

Habari hii nimeisoma mara kadhaa, na kila mara kwa ajili ya wale askari wetu. Safari hii nikakwama kwa wale wa chini. Yaani, siku moja, bahari moja: mama wa askari huku kwetu na mama wa baharia kule Japani, wote hawana kaburi la kwenda kufagia. Mama wa askari angalau aliweza kuambiwa kwamba mwanawe alikuwa melini, na meli kila mtu anaijua. Yule mwingine mwanawe alikuwa ndani ya kitu ambacho kazi yake yote ni kutojulikana kilipo. Unamwambia nini mama wa mtu kama huyo? Na yeye amwambie nini mwanawe?

Nimelifuatilia swali hilo miezi miwili sasa, na nimegundua lina historia yake. Sehemu kubwa ni historia ya maneno, ndiyo maana naileta hapa kwetu wapenda maandishi.

Tuanze na maneno 40. Mwishoni mwa mwaka 1960 nyambizi ya Marekani iitwayo George Washington ilikwenda doria ya kwanza ya makombora ya nyuklia, ikakaa chini ya maji siku 66 mfululizo. Uingereza ikafuata mwaka 1968. Hapo likazuka jambo ambalo mabaharia wa zamani hawakuwa nalo. Zamani chombo kilipanda juu mara kwa mara, barua ikangoja bandarini. Sasa hakuna kupanda na hakuna bandari. Maji ya chumvi huyameza mawimbi ya redio. Yanayopenya ni yale ya masafa ya chini sana, nayo hupenya kina kidogo tu, tena yanabeba herufi polepole mno. Nyambizi inasikiliza. Haijibu, kwa sababu ikijibu imejitaja ilipo.

Ndipo ikabuniwa familigramu. Ni ujumbe mfupi kutoka nyumbani, wa upande mmoja. Katika jeshi la maji la Uingereza, kwa miaka mingi, ilikuwa maneno 40 kwa wiki. Baadaye yakaongezwa mpaka 120. Ujumbe unapelekwa ofisini nchi kavu, unasomwa, unakatwa panapobidi, unarushwa, unapokewa na mtu wa redio, na ndipo unamfikia mwenyewe. Mafumbo ni marufuku, maana msomaji wa ofisini hawezi kujua kama "shangazi amepata gari" ni shangazi kweli au ni kitu kingine.

Hebu jaribu mwenyewe. Chukua kalamu, hesabu arobaini. Mimi nilijaribu, nikimbuni mama: "Mwanangu, paka kazaa wanne. Baba kapaka rangi mlango, kachagua kijani, tumegombana. Embe la uani limezaa safari hii. Dada yako kafaulu. Mvua nzuri. Jirani anakusalimu. Tupo." Hayajafika hata 30 na tayari nimeishiwa. Si kwamba sina la kusema. Nikiondoa yote yasiyoruhusiwa na yote yatakayomtia wasiwasi, kinachobaki ni paka na mlango.

Na ajabu yake, hivyo ndivyo mama na wake wa zamani walivyowausia wapya. Andika vitu vidogo. Usimwulize swali, kwa sababu hawezi kujibu, na swali lisilojibiwa atalala nalo. Tarehe ya kurudi usiiamini, wala usiwatangazie watu, siku zinasogezwa. Mfungashie kasha kabla hajaondoka, alifungue katikati ya safari: katika nyambizi za Marekani usiku wa nusu ya safari husherehekewa, na makasha ya nyumbani ndiyo hufunguliwa usiku huo. Picha, biskuti, mchoro wa mdogo wake. Kwa ufupi, kama huwezi kumfuata, tangulia.

Usia mgumu kuliko wote unahusu msiba. Habari mbaya haiendi. Akifariki ndugu wakati nyambizi iko doria, baharia kwa kawaida haambiwi mpaka safari iishe. Sasa fikiria maana yake kwa mama. Yeye mwenyewe anaweza kuwa hiyo habari. Anaweza kuzikwa Machi, na mwanawe Aprili bado anajiuliza chini kule kwa nini wiki hizi mama hazungumzii paka.

Niliposoma mara ya kwanza nilisema huu ni ukatili. Siku zilivyopita nikapunguza ukali. Huyo kijana akiambiwa atafanya nini? Hawezi kutoka, hawezi kupiga simu, na wenzake wanamtegemea mikono yake isitetemeke. Tena kanuni yenyewe inajulikana tangu mwanzo. Mama anajua, mwana anajua, wanaagana wakijua. Ukimya wa namna hiyo wamekubaliana. Shikilia hapo, maana nitarudi.

Kuna jambo dogo pembeni. Nafasi za kuandika zilikuwa za kuhesabu, na mara nyingi mwenye nazo alikuwa mke. Jina la kwanza katika karatasi za jeshi ni la mke. Mama anayemtaka mwanawe anatakiwa aombe maneno kumi kwa mkwewe. Wasomaji wangu wenye wakwe mtanielewa bila maelezo. Usia wa mama wenye uzoefu ni mfupi: patana na mkwe kabla chombo hakijaondoka, na hakikisha jina lako liko kwenye orodha.

Orodha. Neno hilo linajirudia kila mahali katika historia hii.

Wakati wa Vita vya Pili, Ujerumani ilipeleka baharini mabaharia wa nyambizi wapatao 40,000, na karibu robo tatu hawakurudi. Mama alikuwa anapata taarifa kwamba chombo hakijulikani kilipo, basi. Lakini baadhi ya mabaharia walikuwa wametolewa majini wakawa mateka, na redio ya Waingereza ilikuwa ikisoma majina yao kwa Kijerumani. Tatizo, tangu Septemba 1939 kusikiliza redio ya nje lilikuwa kosa la jinai Ujerumani. Kuna kisa kilichozunguka sana, kwa namna mbalimbali. Mama mmoja aliambiwa mwanawe wa nyambizi amekufa, akaandaa ibada ya kumwombea. Siku ya ibada akafika kanisani, hakukuta mtu. Ndugu hakuna, majirani hakuna. Wote walikuwa wamesikia jina la kijana usiku, kila mmoja kwenye redio yake kwa sauti ya chini, na hakuna aliyethubutu kumwambia mwenzake.

Hata kama kisa hiki kiliongezewa chumvi njiani, nakipenda kuliko nyaraka nyingi. Kwetu matanga yasiyo na watu ni aibu ya kuhadithiwa miaka. Pale kanisa tupu lilikuwa ndiyo barua. Majirani walimpa mama habari njema kwa njia pekee iliyokuwa salama: hawakwenda kumpa pole.

Sasa twende Urusi, mahali ambapo hakuna aliyekubaliana na ukimya.

Jumamosi tarehe 12 Agosti 2000, nyambizi Kursk ililipuka mara mbili katika Bahari ya Barents ikiwa mazoezini, ikalala chini kwenye kina cha mita 108. Ndani walikuwamo watu 118. Umma ulitangaziwa Jumatatu, na taarifa ya kwanza ilisema mkasa umetokea Jumapili. Ikasemwa kuna mawasiliano kwa kugongagonga. Ikasemwa hewa inapelekwa. Msaada wa nje ukakataliwa kwa siku kadhaa. Wazazi walikuwa wanasafiri kwa treni kutoka pande zote za nchi kubwa ile kwenda Vidyayevo, kijiji cha jeshi kaskazini kabisa, wengi bila kujua kwa hakika kama mtoto wao alikuwamo. Vijana huhamishwa chombo, huenda likizo, huazimwa. Jina lake lipo au halipo? Jeshi halikutoa orodha.

Orodha ilitoka tarehe 18 Agosti katika gazeti la Komsomolskaya Pravda. Gazeti lilieleza lenyewe kwamba liliinunua kwa afisa mmoja, kwa rubo 18,000. Kwa hiyo kuna mama waliojua kwamba mtoto wao alikuwamo kwa sababu wamenunua gazeti.

Siku hiyo hiyo, katika ukumbi wa Vidyayevo, mama wa luteni mmoja alisimama akamfokea naibu waziri mkuu. Kamera zilikuwapo. Mwanamke akaja nyuma yake, akamchoma sindano juu ya nguo, na katikati ya sentensi yule mama akalegea, akabebwa nje. Dunia nzima iliona. Baadaye ilielezwa kwamba mumewe ndiye aliyeomba apewe dawa, kwa ajili ya afya yake. Yeye mwenyewe alisema ilikuwa ya kumziba mdomo. Video hiyo nimeitazama mara moja, imenitosha. Kinachonibakia kichwani si sindano, ni wale waliokaa jirani yake. Baadhi hawakugeuka.

Tarehe 21 Agosti wapiga mbizi wa Norwei walifungua mlango wa nyuma. Humo hamna aliye hai. Oktoba, miili ya kwanza ilipotolewa, katika mfuko wa nahodha-luteni Dmitri Kolesnikov ilikutwa karatasi. Watu 23 walikuwa wameokoka milipuko wakakusanyika chumba cha tisa, cha mwisho nyuma. Kolesnikov aliandika saa, 13:15, akaandika majina ya waliokuwamo, na baadaye, taa zikiwa zimezimika, akaendelea kuandika kwa kupapasa. Kuna maneno kwa mkewe pia. Hayo ni yake, nayaacha.

Ninachotaka tukitazame ni zile orodha mbili. Moja ilikuwa mezani kwa wakubwa, mchana kweupe, na ikabidi inunuliwe. Nyingine iliandikwa gizani na kijana wa miaka 27 ambaye hakuambiwa na yeyote kwamba mama wa watu wangependa kujua nani alikuwa na nani. Alijua tu kwamba jambo la kwanza ni majina.

Urusi haikukosa ujuzi wa kuwasaidia akina mama. Ulikuwapo, ila nje ya jeshi. Kamati ya Mama wa Askari iliundwa mwaka 1989 na wazazi wa vijana waliochukuliwa jeshini, na wakati wa vita vya Chechnya wapo mama waliokwenda wenyewe hadi uwanjani kutafuta watoto wao. Funzo la mama hao ni la kazi, halina mapambo: usiende ofisini peke yako, usiridhike na simu, dai karatasi yenye jina na sahihi, na kubalianeni nani atasema endapo mwenzenu atalia.

Sijui kama Waajentina walisoma habari za mama hao wa Urusi. Hawakuhitaji, walikuwa na wao. Mama wa Plaza de Mayo walianza kuzunguka uwanja huo wa Buenos Aires tangu Aprili 1977, wakidai watoto waliopotezwa na utawala wa kijeshi. Miaka 40 baadaye, tarehe 15 Novemba 2017, nyambizi San Juan ilipotea na watu 44, mmoja wao Eliana Krawczyk, afisa wa kwanza mwanamke wa nyambizi katika nchi hiyo. Uzio wa kambi ya Mar del Plata ukajaa bendera, rozari, michoro ya watoto na barua. Barua kwa watu wa chini, zimefungwa kwa kamba kwenye waya, na hazina kikomo cha maneno 40. Baada ya siku 15 jeshi likatangaza kwamba halitafuti tena watu walio hai.

Familia hazikuondoka. Mwaka 2018 zilipiga kambi Plaza de Mayo, palepale, wiki baada ya wiki wakati wa baridi, wakidai utafutaji uendelee. Serikali ikaingia mkataba na kampuni ya Ocean Infinity, na Novemba mwaka huo San Juan ikaonekana kwenye kina cha mita zipatazo 900. Serikali ikasema haina njia ya kuipandisha. Wazazi wakaomba picha, zote, maelfu kwa maelfu zilizopigwa chini kule. Wakashauriwa wasizitazame. Wapo waliosema watazitazama.