Gesi Isiyoganda: Heliamu ya Bonde la Ufa na Nishati ya Ombwe

Kutoka Nakwa, mjini Babati, barabara ya kwenda Singida hupita Katesh, chini ya Mlima Hanang, na si mbali na hapo liko Ziwa Balangida lenye maji ya chumvi. Bonde la Balangida, kama Eyasi na Rukwa, ni kati ya maeneo yanayotafutwa heliamu nchini. Gesi hiyo huzaliwa urani na thoriamu zinapooza polepole ndani ya miamba yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2, kisha joto la Bonde la Ufa huifungua. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza kwamba Rukwa ina hazina kubwa, na mazungumzo yakawa ya bei na mashine za MRI zinazoitumia. Kwangu mimi heliamu ina sifa nyingine kubwa zaidi: ni ushahidi ulio wazi kuliko wote kwamba hakuna kitu kinachotulia kabisa, hata baridi ikifika mwisho wake.

Heike Kamerlingh Onnes aliigeuza heliamu kuwa kimiminika mjini Leiden, Uholanzi, tarehe 10 Julai 1908, kwenye nyuzi 269 chini ya sifuri. Alitumia miaka mingi kujaribu kuigandisha, akaipoza hadi chini ya nyuzi moja juu ya kikomo cha baridi yote, ambacho ni nyuzi 273.15 chini ya sifuri. Haikuganda. Willem Keesom aliigandisha mwaka 1926, tena kwa kuikandamiza. Bila shinikizo la mara 25 hivi ya lile la hewa tunayovuta, heliamu hubaki majimaji hata kikomoni. Sababu yake Max Planck alikuwa ameidokeza tangu 1911, hesabu zake zilipomwonyesha kwamba kitu kinachotikisika hubakiwa na nusu ya kipande cha nishati joto likiisha lote. Einstein na Otto Stern walilitetea wazo hilo mwaka 1913, ingawa Einstein hakukawia kulitilia shaka. Atomu za heliamu ni nyepesi na hazivutani sana, kwa hiyo mtikisiko huo mdogo unatosha kuzizuia zisishikamane.

Msomaji makini atapinga: hiyo ni nishati ya atomu, ombwe linahusikaje? Pingamizi hilo ni la haki. Lakini fizikia ya kwanta husema uga wa sumaku na umeme nao hutikisika, hata mahali pasipo na kitu. Mwaka 1948 Hendrik Casimir wa kampuni ya Philips alikokotoa kwamba mabamba mawili ya metali yakisogezwa karibu sana ndani ya ombwe yatavutana, na Steve Lamoreaux alilipima hilo vizuri mwaka 1997. Hata hapo wapo wanaosema, akiwamo Robert Jaffe mwaka 2005, kwamba nguvu hiyo inaweza kuelezwa kwa chaji zilizomo ndani ya mabamba bila kulitaja ombwe. Naona wana hoja. Ndiyo maana naanza na heliamu, kwa kuwa ushahidi wake haugombaniwi.

Kosa kubwa liko kwa wanaoahidi umeme wa bure kutoka kwenye ombwe. Maji husaga nafaka pale tu yanapokuwa na mahali pa chini pa kuporomokea, nayo nishati ya ombwe tayari iko chini kabisa. Mabamba ya Casimir yakishagusana, kuyatenganisha hugharimu kazi ileile yaliyoitoa. Kwa hiyo ukiletewa mtambo wa namna hiyo, usitoe hata shilingi kabla muuzaji hajakuonyesha nishati hiyo inashukia wapi.