Wajibu wa Kuhudumu katika Juri Wakati wa Janga: Mtazamo wa Kikatoliki

Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba UVIKO-19 umekuwa janga la dunia nzima. Katika nchi nyingi makanisa yalifungwa, shule zikafungwa, na watu wakaamriwa kubaki majumbani. Mahakama nazo zilifunga milango, ingawa jambo hilo halikuzungumzwa sana miongoni mwetu. Nchini Marekani na Uingereza, ambako kesi kubwa za jinai huamuliwa na raia wa kawaida wanaokaa pamoja katika chumba kimoja, kufungwa huko kulizua swali la dhamiri: je, raia anayeitwa kuhudumu katika juri anaweza kukataa kwa sababu anaogopa kuambukizwa?

Swali hili linawahusu pia ndugu zetu wazungumzao Kiswahili. Wengi wao, wakiwamo waliowasili Marekani kama wakimbizi kutoka Kongo na Burundi, wamekwisha kupata uraia huko, na raia wa Marekani mwenye miaka 18 au zaidi anaweza kupokea barua ya wito wakati wowote. Makala haya yanaeleza juri ni nini, jinsi janga lilivyoiathiri huduma hiyo, na mafundisho ya Kanisa yanayomsaidia mwamini kuamua.

Juri ni nini?

Juri ni jopo la raia, kwa kawaida 12 katika kesi kubwa za jinai, wanaopatikana kwa bahati nasibu kutoka katika orodha za wapiga kura na, mahali pengi nchini Marekani, za wenye leseni za udereva. Jaji husimamia kesi na kueleza sheria. Juri husikiliza ushahidi na kuamua kama mshtakiwa ana hatia au hana.

Msomaji wa Tanzania huenda akawakumbuka wazee wa baraza, yaani washauri wa mahakama. Kuna tofauti kubwa: wazee wa baraza hutoa maoni ambayo hayamfungi jaji, lakini uamuzi wa juri ndio uamuzi wenyewe. Kenya ilikuwa na washauri wa namna hiyo hadi ilipowaondoa mwaka 2007.

Nchini Marekani haki ya mshtakiwa kuhukumiwa upesi, hadharani na kwa juri lisilopendelea imo katika Rekebisho la Sita la Katiba, lililoidhinishwa mwaka 1791. Tarehe 20 Aprili 2020, mahakama nyingi zikiwa zimesimamisha kesi, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua katika shauri la Ramos dhidi ya Louisiana kwamba hakuna jimbo linaloweza kumtia mtu hatiani kwa kosa kubwa pasipo wajumbe wote wa juri kukubaliana. Hivyo uzito wa kila mjumbe ulithibitishwa katika majira yale yale ambapo kumpata mjumbe kulikuwa kugumu.

Kuitika wito ni wajibu wa kisheria. Katika mahakama za shirikisho, anayeupuuza bila sababu ya msingi anaweza kutozwa faini isiyozidi dola 1,000, kufungwa kwa muda usiozidi siku 3, au kupewa kazi za kijamii. Posho ya siku ni dola 50, kiasi kisichofidia ujira wa vibarua wengi.

Mahakama katika kipindi cha janga

Tarehe 23 Machi 2020 mahakama za Uingereza na Wales zilisimamisha kesi mpya za juri. Zilirejea taratibu kuanzia tarehe 18 Mei, kwanza katika mahakama chache za London na Cardiff. Baadaye kumbi nyingine zilifunguliwa kwa muda ili kupunguza mlundikano wa kesi. Huko Scotland wajumbe wa juri walikaa katika kumbi za sinema, wakifuatilia kesi kwenye skrini kubwa huku jaji, mawakili na mashahidi wakiwa mahakamani.

Nchini Marekani kila jimbo lilitafuta njia yake. Katika jimbo la Washington, ukumbi mkubwa wa mikutano wa Bellevue uligeuzwa kuwa mahakama ili watu wakae mbalimbali. Huko Texas, mwezi Agosti 2020, kesi ndogo ya mwendo kasi barabarani ilisikilizwa na juri kwa njia ya video, kila mjumbe akiwa nyumbani kwake. Mahali pengi ziliwekwa kinga za plastiki kati ya viti, na mashahidi wakapewa ngao za uso zenye kupitisha mwanga, ili juri liweze kuziona nyuso zao.

Mitazamo ya walioitwa

Mitazamo ya watu waliopokea wito katika miezi ile inaweza kugawanywa katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni la waliokuwa na sababu ya kweli: wazee, wagonjwa wa kisukari na wa mapafu, na wale waliowatunza wazazi wao nyumbani. Kwao kukaa siku kadhaa katika chumba kilichofungwa pamoja na watu wasiowafahamu ilikuwa hatari halisi. Mahakama nyingi zilitambua hali hiyo zikawaahirishia huduma au kuwapa ruhusa.

Kundi la pili ni la walioona janga kuwa kisingizio kizuri. Hawa hawakupenda huduma ya juri hata kabla ya virusi kutokea, na sasa walipata neno ambalo hakuna afisa wa mahakama angelipinga kwa urahisi.

Kundi la tatu ni la waliokwenda. Wengine walikwenda kwa moyo mkunjufu, wengine kwa hofu, wakiwa wamevaa barakoa na kusali njiani. Lakini hata ndani ya mahakama lilikuwapo jaribu jingine: kutamani uamuzi utoke haraka, ili kila mmoja aondoke salama.

Tusimsahau mtu wa nne, ambaye hakupewa nafasi ya kuchagua: mahabusu. Sehemu kubwa ya watu waliomo katika jela za wilaya nchini Marekani hawajatiwa hatiani. Wanangoja kesi, na wengi wao hawana fedha za dhamana. Wakati raia akipima kama chumba cha mahakama ni salama, mahabusu alikuwa katika msongamano ambamo hakuna nafasi ya kukaa mbali na mwenzake. Kila mwezi wa kesi kuahirishwa ulikuwa mwezi mmoja zaidi wa kungoja mle. Aliyeathiriwa na uhalifu naye alikuwa akingoja haki yake.

Kanisa linafundisha nini?

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2239, inafundisha kwamba ni wajibu wa raia kushirikiana na mamlaka za nchi kwa ajili ya mafao ya jamii, katika roho ya ukweli, haki, mshikamano na uhuru. Namba 2288 inatukumbusha kwamba uhai na afya ni zawadi za Mungu, nasi tunapaswa kuvitunza kwa busara tukizingatia mahitaji ya wengine na mafao ya wote. Mafundisho haya mawili hayapingani. Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliyaweka pamoja mwaka 1965 katika hati ya Gaudium et Spes, namba 30, ulipowakemea wanaokwepa wajibu wao kwa jamii na papo hapo wanaodharau kanuni za kulinda afya. Makosa yote mawili yana mzizi mmoja: kuishi kana kwamba jirani hayupo.

Historia ya Kanisa inatupa mfano. Tauni ilipoingia Milano mwaka 1576, Mtakatifu Karoli Boromeo hakuukimbia mji. Hakuwakusanya pia watu waliofungiwa majumbani ili waambukizane. Aliagiza altare zisimamishwe barabarani, nao wakashiriki Misa wakiwa madirishani. Ibada haikuachwa, namna ya kuiadhimisha ndiyo iliyobadilika. Huo ndio moyo wa jambo tunalolizungumzia: hatari humlazimu mtu kutafuta njia nyingine ya kutimiza wajibu, wala haimpi ruhusa ya kujifanya kwamba wajibu haupo.

Maandiko Matakatifu nayo yanatuonya dhidi ya hukumu ya haraka. Katika sura ya 13 ya kitabu cha Danieli, mkutano unamhukumu Susana kufa kwa kuwaamini wazee wawili waongo. Kijana Danieli anawarudisha wote barazani, anawatenga mashahidi na kumhoji kila mmoja peke yake, na ukweli unajitokeza. Mjumbe wa juri anayeona shaka ya kweli hana budi kuwa na ujasiri huo, hata kama wenzake wamechoka na wanaiogopa hewa ya chumba wanamokaa.

Vipi kuhusu mapadre?

Sheria ya Kanisa, kanuni 285, aya ya 3, inawakataza wakleri kushika nyadhifa za umma zinazoshiriki mamlaka ya serikali. Kanuni 289, aya ya 2, inawataka watumie misamaha ambayo sheria za nchi huwapa kuhusu kazi zisizolingana na hali yao, isipokuwa Askofu wao ameamua vinginevyo. Nchini Uingereza sheria ya mwaka 2003 iliondoa kipingamizi cha zamani, hivyo padre naye anaweza kuitwa. Padre anayepokea wito na awasiliane mapema na Askofu wake.

Mambo ya kuzingatia

Mwamini anayeitwa wakati wa janga na ajiulize kwanza: sababu yangu ni ya kweli? Kama ana ugonjwa, anamhudumia mgonjwa, au atakosa kabisa riziki ya watoto wake, aieleze mahakama kwa maandishi na mapema, na aombe kuahirishiwa. Hakuna dhambi katika kuomba. Dhambi ipo katika kusema uongo, hasa kwa kuwa maswali ya uteuzi wa juri hujibiwa chini ya kiapo, na Amri ya Nane inatufunga.

Pili, ajue kwamba anapokosekana, kiti chake kinakaliwa na mwingine au kinabaki kitupu. Huko Marekani janga liliwapata kwa ukali zaidi watu weusi na maskini. Wakikosekana wao katika juri, mshtakiwa anayetoka katika jamii yao huamuliwa na wasiomjua.

Tatu, akienda, azifuate kanuni zote za afya, asikilize kwa makini, wala asiikimbize dhamiri yake ili awahi kurudi nyumbani.

Katika Injili ya Mathayo, sura ya 25, Bwana anajitambulisha na mfungwa aliyetembelewa. Wakati wa janga milango ya magereza ilifungwa kwa wageni, na mapadre wengi hawakuweza kuingia. Lakini raia aliyeitika wito wa mahakama, akakaa katika kiti chake na barakoa usoni, alimfikia mfungwa kwa njia ambayo sisi tulikuwa tumenyimwa.