Dungusi la Krismasi: namna ya kulichanuza

Dungusi la Krismasi ni mmea wa jenasi Schlumbergera unaopandwa ndani ya nyumba kwa ajili ya maua yake mekundu, meupe au ya waridi. Asili yake ni milima ya pwani ya kusini-mashariki mwa Brazili, ambako huota juu ya matawi ya miti na katika mianya ya miamba yenye kivuli na ukungu. Kazi ya majani hufanywa na vipande bapa vya shina, na maua hutokea kwenye ncha zake. Mengi yanayouzwa madukani yametokana na Schlumbergera truncata, yenye vipande vya kingo zilizochongoka, ambayo Adrian Haworth aliieleza kisayansi mwaka 1819.

Mmea huu ukikaa miaka bila ua, lawama huangukia mbolea, chungu au maji. Hayo yana nafasi yake, lakini kinachoamua ni urefu wa usiku. Huko Brazili dungusi hili huchanua mwezi Mei, na watu huliita ua la Mei; likipelekwa Ulaya huchanua Novemba na Desemba. Nyakati hizo mbili hazifanani kwa mvua wala kwa joto la sebuleni. Zinachoshiriki ni kwamba zote hufuata majuma ambayo giza limekuwa likirefuka. Mwaka 1920 Garner na Allard, watafiti wa Marekani, walionyesha kwa tumbaku na soya kwamba mimea hupima urefu wa mchana na usiku, na utafiti uliofuata ukabainisha kuwa kipimo chenyewe hasa ni giza lisilokatizwa. Ndiyo maana taa ya sebule inayowashwa hadi usiku wa manane, hata kwa mwanga hafifu, yaweza kuunyima mmea maua.

Wapo wanaopinga kwa kusema kwamba walipunguza maji tu na maua yakaja. Katika nchi za baridi watu hupunguza maji wakati wa vuli, na vuli ndiyo majira ambayo usiku hurefuka. Ni rahisi kuupa ukame sifa isiyo yake. Tena huu ni mmea wa msitu wenye unyevu, na kiu kali huvinyausha vipande vyake. Pingamizi lenye uzito zaidi ni la dungusi lililochanua katika chumba chenye taa kila usiku. Hilo hutokea kweli, na sababu yake ni baridi: usiku wa nyuzi 10 hadi 13 za Selsiasi unaweza kuleta maua hata giza likiwa fupi. Joto likipita nyuzi 24, hata usiku mrefu hupoteza nguvu zake.

Hapo ndipo Afrika Mashariki inapohitaji hesabu yake. Karibu na ikweta usiku haubadiliki sana, na mwanga wa macheo na machweo huula pande zote mbili, hivyo mmea hauwezi kungoja majira yalete usiku mrefu. Njombe au Nairobi, baridi ya Juni na Julai husaidia; Mombasa na Dar es Salaam kazi ni ngumu zaidi, na chumba chenye ubaridi ni muhimu sawa na giza. Popote ulipo, ufunike mmea kwa boksi au uuweke katika chumba kisichowashwa taa kuanzia saa 11 jioni hadi saa 1 asubuhi kwa wiki 6 hadi 8, na mchana uupe mwanga wa kutosha usio wa jua kali. Kabla ya kuanza, nyofoa vipande vya nchani ambavyo havijakomaa, kwani havitoi maua. Matumba yakishaonekana wazi, giza la ziada halihitajiki tena. Mwagilia kwa kiasi, wala usiuhamishe mmea ghafla, maana matumba hudondoka upesi.