Kadi ya Kittie Knox na orodha yangu ya watu wa kufuata

Wiki iliyopita nilipitia orodha ya watu ninaowafuata mtandaoni kwa ajili ya habari za miji na baiskeli. Karibu wote ni wanaume, Wazungu, wakaaji wa Ulaya na Marekani. Sikupanga iwe hivyo. Nilianza na mmoja, mtandao ukanipendekezea rafiki zake, halafu rafiki za rafiki zake.

Sisi watunga programu tunajua jinsi mapendekezo hayo yanavyofanya kazi. Kompyuta hutazama uliowachagua mwanzo, kisha hukuletea wale wanaofuatwa na watu kama wewe. Ukianza katika chumba cha watu wa aina moja, utazunguka humo humo.

Nilidhani hili ni tatizo la kompyuta. Kumbe ni la zamani zaidi. Hebu turudi Marekani ya karne ya 19.

Mwaka wa 1880 waendesha baiskeli walikutana Newport, Rhode Island, wakaunda chama kilichoitwa League of American Wheelmen. Siku hizo barabara za mashambani zilikuwa vumbi wakati wa jua na matope wakati wa mvua. Chama kikapiga kelele. Mwaka wa 1892 kilianzisha jarida la Good Roads, na mwaka wa 1893 serikali ikafungua ofisi ya kuchunguza barabara katika wizara ya kilimo. Idara inayoshughulikia barabara kuu za Marekani leo inatokana na ofisi hiyo. Kufikia 1898 chama kilikuwa na wanachama zaidi ya 100,000. Dereva anayempigia honi mtu wa baiskeli angefaa kujua ni nani aliyetangulia kudai barabara nzuri.

Lakini ndani ya chama hicho, sauti ya nani ilihesabiwa? Mwaka wa 1894, katika mkutano wa Louisville, Kentucky, wajumbe waliongeza neno moja kwenye katiba: "weupe". Tangu siku hiyo mtu mweusi hangeweza kujiunga.

Hapo ndipo anapoingia Kittie Knox. Alikuwa mshonaji wa Boston, binti wa baba mweusi na mama mzungu, na aliendesha baiskeli pamoja na Riverside Cycle Club, klabu ya watu weusi wa mji huo. Badala ya sketi ndefu alivaa suruali pana fupi aliyojishonea mwenyewe. Tena alikuwa amejiunga na chama mwaka wa 1893, kabla ya lile neno kuandikwa.

Julai 1895 alisafiri hadi mkutano mkuu wa chama huko Asbury Park, New Jersey, akaonyesha kadi yake ya uanachama. Zogo likazuka. Magazeti hayakukubaliana hata kidogo: mengine yalisema alikataliwa, mengine yalisema alipokelewa vizuri. Mwishowe jarida la chama lilikiri kwamba yeye ni mwanachama halali, kwa kuwa sheria mpya haikuwagusa waliotangulia. Alifariki mwaka wa 1900, akiwa na miaka 26 tu. Kaburi lake lilikaa bila alama hadi 2013.

Wakati huo huo Major Taylor, kijana mweusi kutoka Indianapolis, alikuwa akiwashinda wote. Mwaka wa 1899 alitwaa ubingwa wa dunia wa mbio fupi huko Montreal. Bingwa wa dunia, lakini mlango wa chama ulikuwa umefungwa kwa watu wa rangi yake! Warithi wa chama hicho waliikana rasmi sheria ile mwaka wa 1999, miaka 100 kamili baada ya ushindi huo.

Jambo linaloniuma ni hili. Tunajua walioruhusiwa kuingia walidai nini, kwa sababu walikuwa na jarida na walisikilizwa na serikali. Riverside Cycle Club wangedai nini kama wangeulizwa? Barabara zipi, mitaa ipi? Hatuna jibu, na barabara zilijengwa bila jibu hilo.

Orodha yangu haina katiba wala neno "weupe", lakini matokeo yanafanana. Kwa hiyo nimebadilisha njia. Sisubiri tena mapendekezo. Nimeanza upya na Black Girls Do Bike, kikundi kilichoanzishwa Pittsburgh mwaka wa 2013, na Critical Mass Nairobi ya hapa kwetu. Kisha natazama wanajibizana na nani, maana anayejibiwa mara nyingi huwa na la kusema hata kama wafuasi wake ni wachache. Pia natafuta kwa Kiswahili: baiskeli, wapita njia, boda boda.

Neno hili la mwisho lilizaliwa Busia miaka ya 1960, watu walipobeba abiria kwa baiskeli kati ya Kenya na Uganda. Wale wazee wanajua mengi kuhusu baiskeli na barabara, lakini sijawahi kupendekezewa hata mmoja wao. Huenda hawako mtandaoni. Basi itabidi nipande basi nikawasikilize huko huko Busia.