Uzalishaji wa wakati mwafaka

Uzalishaji wa wakati mwafaka ni utaratibu ambao malighafi, vipuri na bidhaa hufika panapohitajika, saa vinapohitajika na kwa kiasi kinachohitajika, ili fedha za kiwanda zisilale ghalani. Kiichiro Toyoda, mwanzilishi wa kampuni ya Toyota, aliutumia msemo huo katika kiwanda cha magari cha Koromo, Japani, kilichofunguliwa mwaka 1938. Baada ya Vita Kuu ya Pili mhandisi Taiichi Ohno aliujenga ukawa mfumo kamili wa Toyota, akiiga maduka makubwa ya Marekani, ambako rafu hujazwa kile tu mteja alichochukua. Katika mfumo huo upotevu wa kila namna huitwa muda. Ni neno la Kijapani. Kufanana kwake na letu ni bahati tu, ingawa bahati yenye maana.

Mbao zilizorundikwa hupinda na kuliwa na mchwa, lakini hasara kubwa ya mrundikano ni kwamba huficha makosa. Walimu wa mfumo huu hulinganisha akiba na maji: yakijaa, chombo hupita juu ya mawe bila nahodha kujua, yakipungua, mawe huonekana. Mkazi wa Mwanza, jiji la mawe, hahitaji maelezo zaidi. Mashine mbovu, msambazaji mchelewaji, kipimo kisicho sahihi: hayo ndiyo mawe. Akiba hupunguzwa kidogo kidogo, na kila jiwe linalojitokeza huondolewa kabla maji hayajashushwa tena.

Chombo kikuu cha kazi ni kadi, kwa Kijapani kanban. Kila kisanduku huwa na kadi yake. Kikiisha, kadi hurudi kwa msambazaji nayo ndiyo oda. Tuseme karakana hutumia bawaba 24 kwa siku, mzigo huchukua siku 2 kufika, tahadhari ni asilimia 25, na kisanduku hubeba bawaba 20. Zinahitajika bawaba 60, yaani kadi 3. Kadi ya nne ni mrundikano.

Ukipita Buzuruga, kata ya Manispaa ya Ilemela mkoani Mwanza, unaweza kudhani mfumo huu ni wa kienyeji. Mteja wa geti hutoa kianzio, ndipo fundi wa kuchomelea aagize mabomba, nayo huletwa kwa guta mchana huohuo. Hakuna ghala. Lakini tusidanganyike: kununua kidogo kwa sababu mtaji ni mdogo si uzalishaji wa wakati mwafaka. Fundi huyo hununua kwa bei ya rejareja, umeme ukikatika kazi husimama, na mageti manne yaliyokwisha pakwa rangi ya kwanza huegemea ukuta yakingoja bawaba. Mageti hayo ndiyo akiba yake, ila haiiti hivyo. Mfumo wa kweli huanza na uhakika wa kuletewa; kupungua kwa mzigo hufuata.

Ziwa Victoria limefundisha pande zote mbili. Viwanda vya minofu ya sangara jijini Mwanza haviwezi kungoja: samaki mbichi hutoka ziwani akiwa kwenye barafu, na minofu isiyogandishwa husafirishwa kwa ndege. Dagaa ni kinyume chake. Huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka uvuvi hupungua. Kwa hiyo mfanyabiashara wa soko la Mwaloni Kirumba asiyeweka dagaa wakavu akiba hatakuwa na cha kuuza; kuweka akiba hapo si uzembe.

Toyota yenyewe ilionja uchungu. Tarehe 1 Februari 1997 moto uliteketeza kiwanda cha Aisin kilichoipatia karibu vali zote za breki za aina moja, na kwa kuwa akiba ilikuwa ndogo mno, viwanda vyake vya Japani vilisimama kwa siku kadhaa.

Nchini Tanzania, wizara yenye dhamana ya viwanda ilianza kueneza kaizen, mbinu ya uboreshaji endelevu iliyo ndugu ya mfumo huu, mwaka 2013 kwa msaada wa shirika la Japani la JICA. Mafunzo peke yake hayaleti mzigo. Kwa miaka mingi shehena ya Sengerema na Geita ilipanga foleni ya kivuko cha Kigongo–Busisi, na kila saa ya foleni ilidai akiba upande wa Mwanza. Daraja la J.P. Magufuli linalovuka hapo, lenye urefu wa takriban kilomita 3, lilizinduliwa tarehe 19 Juni 2025. Jiwe hilo limeondolewa.